Kilima Juu ya Kopo

Mjomba aliponipa kile kijiti, ningeweza kumwambia hapana. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na kila mara nafika palepale: nilikuwa na mdomo, nilikuwa na akili za kunitosha, na hakuna aliyenishika shingo. Kilikuwa kijiti cha mkaratusi, kirefu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole, kimenyooka, kimelainishwa kwa kipande cha chupa mpaka kikawa kinateleza. Mjomba alikiweka juu ya meza ya duka, kando ya kopo la kupimia maharage, akasema, "Kuanzia leo, unakwangua." Nikajibu, "Ndiyo, mujomba." Tena nilijibu kwa furaha. Nilidhani nimepandishwa cheo.

Nilikuwa nimekisahau kijiti hicho, au niseme nilikuwa nimejizoeza kutokikumbuka, mpaka juzi hapa katika soko la Sake. Kulikuwa na msichana anauza maharage mapya, yale ya rangi mbili ambayo bado yana harufu ya maganda na vumbi la gunia. Aliniita, "Papa, karibu. Hii iko safi, haina mawe." Akachota, akalitikisa kopo ili maharage yakae, akaongeza kwa kiganja, akaongeza tena, mpaka juu ya kopo pakawa na kichwa kilichochongoka na punje zikaanza kuteremka pande zote. Ndipo mkono wangu, bila kuniomba ruhusa, ukainuka na kufagia kile kichwa. Maharage yakarudi kwenye beseni lake.

Msichana alinitazama, kisha akacheka. "Papa! Unakatala kilima? Ile ni yako!"

Neno lile. Sikuwa nimelisikia kwa maana hiyo tangu tulipohama kwetu.

Ninyi wa umri wangu mnalikumbuka kopo la maziwa ya unga. Maziwa yenyewe wengi wetu hatukuyaonja. Kopo lilitufikia likiwa tupu kutoka kwa masista au kutoka kwa mtu aliyerudi kutoka mjini, na tangu hapo lilikuwa mizani ya kila kitu. Maharage, mtama, unga, karanga, vyote vilipita humo. Kwetu, juu ya njia inayotoka Masisi kuteremkia Walikale, kopo halikuhesabiwa kuwa limejaa lilipofika ukingoni. Ukingoni ilikuwa nusu ya kazi. Lilijaa lilipobeba kichwa, na kichwa hicho tulikiita kilima. Mwuzaji mwenye adabu aliendelea kumimina mpaka punje zenyewe zikakataa. Zile zilizoanguka zilikuwa za mnunuzi pia. Alishika upande wa kitenge chake chini ya kopo ili azipokee.

Shida ilikuwa kwamba sisi wenyewe tuliishi juu ya kilima. Nyumba zetu zilikuwa ubavuni, chini kulikuwa na barabara, na juu kabisa majani ya malisho na ng'ombe wa wafugaji waliotuuzia maziwa. Baba alifariki kabla sijaanza kuweka mambo kichwani. Kila mtu mzima aliyenikuta nimenenepa kidogo alinipiga kofi la upole tumboni na kusema, "Angalia huyu! Mutoto wa kulelewa na kilima." Nami nilitazama juu, kwenye majani na mawe na ukungu, nikaona ni kweli. Chemchemi yetu ilitoka huko. Kuni zilitoka huko. Niliona mlima huo kama mtu mzima wa familia ambaye hasemi sana.

Kwa hiyo nilianza kuusalimu. Asubuhi, nikitoka kukojoa, nilisimama nyuma ya nyumba na kusema, "Yambo, kilima. Aksanti." Nilifanya hivyo muda mrefu bila mtu kujua, mpaka Bahati akanikuta. Bahati alikuwa kifungua mimba wa jirani yetu, mwanamke tuliyemwita Mama Bahati kwa sababu yake. Alinizidi miaka kadhaa, tayari alikuwa na sauti ya kiume.

"Unaongea na nani?"

"Na kilima."

"Inakujibu?"

"Bado."

Alicheka mpaka akaketi kwenye umande. Lakini hakunisahihisha, wala hakuwaambia watoto wengine. Asubuhi iliyofuata nilipotoa salamu yangu, sauti nzito ikatoka kwenye migomba: "Yambo, mutoto. Leta viazi." Nilikimbia ndani nikajikunja miguuni kwa Mama. Kesho yake nilirudi na kiazi cha kuchemsha, nikakiweka juu ya jiwe. Jioni hakikuwapo. Niliendelea kumlisha Bahati kwa namna hiyo msimu mzima, na siku nilipomfumania mdomo umejaa, alimeza kwanza, akafuta midomo, akasema kwa ile sauti nzito, "Aksanti, mutoto." Tangu hapo ikawa salamu yetu. Popote tulipoonana, mmoja wetu alianza, "Leta viazi!"

Nieleze desturi moja, kwa maana yaliyofuata yote yalitoka humo. Kijana wa kwetu alipotaka kuanza biashara, hakwenda kumwomba mtu mkubwa. Alisema tu kwamba anataka kushuka Walikale. Baada ya mavuno ya maharage, siku aliyoichagua, alisimama na gunia tupu pale njia yetu ndogo inapokutana na barabara, na kila nyumba ilikuja na kopo moja lenye kilima na kulimimina. Gunia lilijaa au lilikaribia. Yeye alilifunga, akapitisha mkanda wa gome la mti kwenye paji la uso, akateremka msituni na wenzake. Kule Walikale maharage ya milimani yalisubiriwa, na mawese yalikuwa mengi. Aliuza, akanunua bidoni, yaani dumu, ya mawese, akapanda nayo. Hakuna aliyedai kopo lake. Deni lilikuwa moja tu, nalo halikulipwa kwa aliyekupa: kila utakayempimia maisha yako yote, mpe kilima, na atakapotoka kijana mwingine na gunia tupu, uwe wa kwanza kufika.

Bahati aliporudi mara ya kwanza alinuka moshi, jasho na mawese. Alipita nyumba kwa nyumba na upawa. Kwetu alimimina mpaka mafuta mekundu yakajaa, yakafurika, yakamteremkia mkononi hadi kiwiko.

"We! Unamwaga!" Mama akapiga kelele.

"Simwagi, Mama. Hata mafuta iko na kilima."

Mama akalamba kile kilichokuwa kwenye kiwiko cha Bahati, kila mtu akacheka, na usiku huo maharage yetu yalikuwa mekundu.

Baada ya miaka michache Bahati hakuwa tena anabeba gunia moja. Alikuwa na kibanda chake kule Walikale na vijana wawili aliowafungulia njia. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, aliyekuwa akinunua mawese Sake, alisema mbele yangu, akigonga bidoni kwa ukucha: "Ya wengine inaishia ku mabega. Ya huyu Bahati wenu inafika ku shingo. Nikiona kijana wake, sifunguake kifuniko." Nilikuwa mtoto, nikadhani anazungumzia bidoni tu.

Mjomba, mdogo wake Mama, alikuja kwetu kutoka Sake akiwa na mabati, misumari na akili nyingi. Alijenga duka barabarani. Hakuwa mtu mbaya. Baadaye yeye ndiye aliyenilipia sekondari, na sitamsema vibaya akiwa kaburini. Alikuwa ameona maduka ya mji na alipenda kitu kikae mahali pake. Aliniita nimsaidie baada ya masomo, na siku ile ya kijiti alinieleza kwa utaratibu kabisa.

"Kopo ni kopo. Mwalimu alikufundisha nini, litre ni nini?"

"Litre ni litre, mujomba."

"Njo hivyo. Sasa ile ya juu ni ya nani? Mununuzi alilipa kopo. Mulimaji aliuza kopo. Ile ya juu haina mwenyewe. Kitu haina mwenyewe, iko ya duka."

Ilinivutia. Mtoto wa shule hupenda maneno yanayofungana kama mlango na fremu. Nilijaribu kijiti: nilijaza, nikakilaza kwenye ukingo, nikakisukuma taratibu, na kile kichwa kikaanguka chote kwa pamoja ndani ya gunia. Juu ya kopo pakabaki tambarare kama meza. Nilijisikia nimefanya kazi safi.

Aliyefika wa kwanza siku ya soko alikuwa Mama Bahati. Alinyoosha kitenge chake chini ya kopo kama kawaida, akisubiri punje za kuanguka. Nilikwangua. Alitazama kopo, akanitazama mimi, akatazama tena kopo.

"Eh! Katapila imepita hapa?"

Watu wakacheka mpaka nje. Mwaka huo mashine kubwa ya njano ilikuwa imekuja kupanua barabara, ikala bega zima la kilima chetu mchana mmoja, na sisi watoto tuliifuata tukipiga makofi. Jina likaniganda palepale. Katapila! Wanawake waliniita hivyo wakipita, watoto waliniita hivyo shuleni. Mimi nilifurahi. Hiyo mashine ilikuwa kitu chenye nguvu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilichukua msumari nikachonga KATAPILA kwenye nguzo ya mlango wa duka, herufi kubwa, na mjomba akaniuliza kama nimekuwa kichaa.

Mama hakuniita hivyo. Siku moja mchana alikuwa akichagua maharage kwenye ungo, mimi nikimsimulia jinsi gunia la vichwa lilivyojaa. Aliuliza bila kuinua macho, "Kilima unakwangua, unatiaka wapi?"

"Mu gunia ya mujomba."

"Na ile ilikulea?"

Nilishangaa swali lenyewe. Nilinyoosha kidole mlangoni, juu, kwenye majani. "Si iko pale?"

Mama aliinua uso. Akacheka kicheko kidogo kisicho na nguvu, akarudi kwenye ungo wake. Leo nadhani hakujua aanzie wapi. Wakati huo nilidhani amekubali.

Nilimaliza shule ya msingi nikiwa na kijiti kiunoni, nimekichomeka kwenye mkanda kama mchungaji na fimbo yake. Kulikuwa na likizo ndefu mbele yangu, kisha sekondari kama mjomba angetaka. Ndipo Bahati akapanda kutoka Walikale, akaja dukani akiwa amevaa viatu vya plastiki vipya, akasimama mlangoni na kuziba mwanga.

"Leta viazi!"

Niliruka juu ya meza.

"Nimekuya kukuchukua," alisema. "Utashuka na muzigo yako mwenyewe, si ya mujomba. Niko na kibanda, nakosa muntu wa akili ya shule. Tutauza sisi wawili. Mwenye kubakia Walikale atabakia, mwenye kupanda atapanda."

Mjomba hakukataa. "Aende kama anataka," alisema. "Njia atairudia." Mimi nilitaka kuliko kitu chochote. Usingizini nilikuwa nimeshafika. Niliwaza mto, migazi inayotoa mawese, kibanda chenye majina yetu wawili, na mimi nikipanda na bidoni nyumba kwa nyumba, Mama akilamba mafuta kwenye kiwiko changu.

Siku ilipofika nilisimama njia panda na gunia langu tupu. Walikuja wote. Mama Bahati alitangulia, akiwa ameshika kopo kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba kifaranga, akitembea polepole ili kilima kisianguke. Sikuwahi kuona kilima kirefu namna ile.

"Katapila," alisema, "ona kilima!"

Kicheko. Akamimina. Akaja wa pili: "Katapila, hii utaiweza?" Kicheko. Akaja mzee mfugaji kutoka juu na kibuyu cha maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe, akamimina kwenye kikombe mpaka povu likasimama. "Sisi kilima yetu ni povu. Kunywa, Katapila, kabla haijabomoka." Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Akaja mwingine, na mwingine, kila kopo na kichwa kirefu kuliko lililotangulia, na kila kopo na jina lile.

Nikiwa na povu mdomoni, nikasikia. Sijui kwa nini siku ile na si siku nyingine. Nilisikia jina langu jinsi wao walivyokuwa wakilisikia tangu mwanzo. Mashine iliyokula bega la kilima. Miaka ile yote walikuwa wananicheka, na mimi nimechonga kwenye nguzo kwa mkono wangu! Nikaona kwamba hawanipi kitu, wananionyesha. Kila kilima kilikuwa kofi.

Mama alikuwa wa mwisho. Alikuja na kopo letu lenye kutu ukingoni, na kilima chake hakikuwa kirefu kama vya wengine, lakini alikuwa anakilinda kwa kiganja na anatabasamu. Alipoliinua juu ya gunia, nilichomoa kijiti kiunoni na kukwangua.

Maharage yalianguka kwenye vumbi la njia. Hakuna aliyecheka. Kuku mmoja alikuja mbio akaanza kudonoa, na Mama akapiga magoti, akamfukuza kwa mkono, akaanza kuokota punje moja moja akizitia kwenye kitenge chake.

Mama Bahati hakuwa na hasira. Ndiyo maana maneno yake bado ninayo. "Mutoto," alisema, "hawakukuambia? Mama yako alikuwa nunuaka kopo moja, anarudi na moja na nusu. Kila soko. Hatukusemaka kitu, tulikuwa mimina tu. Ile ya juu njo ulikula. Ulifikiri kilima gani ilikulea? Hii ya majani?"

Nilitazama juu. Majani, mawe, ng'ombe wawili. Ulikuwa mlima tu. Haukuwahi kunipa kitu ila maji na kuni, kama unavyompa yeyote. Walionipa walikuwa wamesimama mbele yangu na makopo matupu, na utani wao ulikuwa utani wa watu wanaotaka uende salama. Hata lile jina walikuwa wakilifukia mbele yangu chini ya maharage, kopo baada ya kopo. Nilielewa yote kwa mara moja. Ningeweza kupiga magoti kando ya Mama nikaokota naye. Ilikuwa hatua fupi kabisa. Badala yake nilisema, "Sitaki muzigo yenu," nikakimbilia dukani.

Mjomba alinisogezea kigoda. "Ikala. Ingekuvunja mugongo bure."

Bahati hakunifuata. Alibaki njia panda. Duka lilikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akiwaambia wenzake watangulie. Kisha ikaja ile sauti nzito, ya migomba, ya utoto wangu:

"Yambo, mutoto! Leta viazi!"

Niliinama chini ya meza nikaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimepangwa. Baada ya muda akaita tena. Jua lilipanda, kivuli cha nguzo yenye jina langu kikafupika. Mara ya tatu hakuita kwa sauti ya kilima, aliita kwa sauti yake mwenyewe, akasema jina langu la ubatizo. Nilikuwa na kipande cha sabuni mkononi nikakishika hivyohivyo mpaka nilipojua kwamba hayupo tena.

Lile gunia halikurudishwa, kwa maana maharage yakishachanganyika huwezi kujua kopo la nani ni lipi. Alikuwapo msichana mmoja, Furaha, aliyekuwa amekuja kutazama tu. Wanawake walimuuliza kama mgongo wake una nguvu. Alijibu, "Nguvu iko, njia njo sijui." Bahati akasema njia anaijua yeye. Furaha akapitisha mkanda kichwani, akateremka na mzigo wangu.

Nilisoma sekondari. Mjomba alipozeeka niliachiwa duka. Nililisimamia vizuri, lilikuwa na rafu zilizonyooka na bati lisilovuja. Wenzangu walinunua kwangu chumvi, sabuni, kiberiti, vitu visivyobeba kilima. Maharage walinunua kwingine. Sikuwalaumu, niliendelea kukwangua, kwa sababu ningeacha siku yoyote ningekuwa nimekiri kosa la siku ile. Kiburi huzeeka pamoja na mtu, hakitangulii kufa.

Na mlangoni pangu walipita. Kila baada ya mavuno walipita vijana na magunia yao, wakirudi na bidoni, na mwaka uliofuata wakipita na mbuzi, na baadaye juu ya malori. Furaha alifungua ghala lake Walikale. Vijana waliochimba kasiteri, madini ya bati, kwa mikono kule Bisie, kabla mashine hazijaingia, walikuwa wakiruka vibanda njiani ili wafike kwa wauzaji wa Furaha, maana huko msituni, ambako kila kitu kilipimwa kwa jicho kali, wao waliacha punje ziteremke. Wapo leo wenye maduka Mweso, wenye pikipiki za kubeba jibini kutoka malishoni, wapo walionunua mashine za kusaga. Nawajua wengi kwa majina ya mama zao. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kilicho chake.

Vita vilipotusukuma tukashuka Sake, duka lilibaki, mabati yakaenda na watu nisiowajua, nguzo na kijiti sijui viliwasha moto wa nani. Nilifika mikono mitupu. Nilidhani kilima nacho kimebaki kule juu. Lakini jioni ile ile wanawake wa kwetu, waliokuwa wamefika siku chache kabla yangu na wasio na paa, walinipimia maharage, na hakuna aliyekwangua. Vijana wao walianza tena hapo hapo, mmoja akimiminiwa na wengine, kama vile njia panda yetu ilikuwa imehama pamoja nasi.

Ndiyo maana yule msichana wa sokoni aliponiambia "Ile ni yako," nilisimama kama mtu aliyeitwa. Nilimuuliza jina lake. Neema. Nikamuuliza nani alimfundisha kupima hivyo.

"Koko yangu," alisema, yaani bibi yake. "Anasemaka, mwenye kukwangua anakula mara moja. Yeye alianza na muzigo ya kijana mwenye alikatala. Walimupa bure, pa njia."

"Alikuambia jina ya ule kijana?"

"Hapana. Anasemaka tu, Mungu amubariki kwenye iko. Bila yeye, sisi tungekuwa wapi?" Akachota tena. "Papa, leta kopo. Lakini mukono weka nyuma, hein! Nimekuona."

Niliweka mkono mmoja nyuma kama mtoto wa shule. Alimimina mpaka punje zikakataa, na zile zilizoteremka akazipokea kwa kiganja na kunitilia mfukoni mwa koti. Nilipita sokoni nimeshika kopo kwa viganja viwili, nikitembea polepole, na watu walinipisha. Nyumbani niliyapika kwa mawese.

Watu hushangaa kwamba mimi, niliyezaliwa juu ya njia ile, siwezi kuwaeleza ilivyo huko inakoishia. Nimewauzia chumvi waliokuwa wakienda na sabuni waliokuwa wakirudi. Bahati alinitumia salamu kwa vinywa vyao miaka mingi, na kila mara salamu ilikuwa ileile, wachukuzi wakiifikisha bila kuielewa: anasema ulete viazi. Sikuwahi kupeleka. Kile kijiti kilinigharimu Walikale. Sijafika huko hata siku moja, na Bahati amezikwa huko.